Madoa kwenye sakafu za mawe ya asili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kusafisha na kupiga polishi sakafu za mawe, Dar es Salaam zaidi, na mara chache Tanga na Unguja. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mlangoni, kwa simu, na kwa picha zinazotumwa saa tano usiku mtu akiwa ameinamia doa na tochi mkononi. Sakafu nyingi ninazoitiwa hazikuharibiwa na kilichomwagika. Ziliharibiwa na kilichotumika kukitoa. Kwa hiyo kama una haraka, soma kwanza swali la 2 na la 7, halafu ndipo uende kwenye doa lako.

## Kulijua jiwe lako

1. Fundi alisema sakafu yangu ni "marumaru". Je, ni jiwe la asili?

Huenda ni jiwe, huenda siyo. Siku hizi neno marumaru linabeba kila kigae kinachong'aa, hata cha kauri kilichotoka kiwandani. Kigae cha kauri ni udongo uliochomwa na kuvikwa ganda kama la kioo. Kwa kawaida hakinywi doa, na maji na sabuni vinakitosha. Jiwe la asili limechimbwa ardhini, likakatwa mabamba na kusuguliwa mpaka likang'aa.

Tazama michirizi. Kwenye kauri mchoro hujirudia: ukizunguka chumba utakuta kigae pacha, mstari uleule kwenye kona ileile. Kwenye jiwe hakuna pacha. Kisha tafuta mahali kipande kilipokatwa, mlangoni au ukingoni mwa ngazi. Jiwe lina mwili mmoja toka juu hadi chini. Kauri mara nyingi ina ngozi nyembamba ya rangi juu na udongo wa rangi nyingine chini yake.

2. Nikishajua ni jiwe, nitajuaje ni la aina gani?

Kwa usafi wa nyumbani unahitaji kujua jambo moja tu: linaliwa na asidi au haliliwi. Marumaru halisi, jiwe la chokaa na terazo (vipande vya mawe vilivyoshikwa kwa saruji au gundi kisha vikasuguliwa) huliwa. Graniti haliliwi na ndimu wala siki.

Chagua pembe isiyoonekana, nyuma ya mlango au chini ya kabati. Dondoshea tone moja la maji ya ndimu, hesabu dakika mbili, futa kwa maji safi, kausha. Inamisha kichwa uangalie kwa ubavu, mwanga wa dirisha ukiwa mbele yako. Ukiona kiduara kilichopoteza mng'ao, jiwe lako lina chokaa, nawe usilikaribishe tena tone la asidi. Pakibaki vilevile, yaelekea ni graniti au jiwe jingine lisilo na chokaa.

3. Jiwe ni gumu. Doa linaingiaje?

Ugumu na kunywa ni mambo mawili. Jiwe lina vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, na kimiminika huvutwa humo kama chai inavyopanda kwenye andazi. Ndiyo maana kusugua juu hakufikii doa. Lenyewe liko chini ya uso unaosugua.

Kujua sakafu yako inanywa kiasi gani, weka matone machache ya maji, subiri dakika kumi, ufute. Mahali pakibaki peusi kwa muda, jiwe linakunywa. Kipimo hikihiki utakihitaji tena swali la 21.

4. Doa na "kuungua" vinatofautianaje?

Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, na kwa kawaida huacha giza au rangi. Kuungua ni jiwe lenyewe kuliwa na asidi: pahali panafifia, panakuwa peupepeupe, na ukipitisha kidole unahisi ukavu usiokuwepo pembeni. Doa huvutwa nje (maswali ya 8 hadi 11). Kuungua hakuvutwi, kwa sababu hakuna kilichoingia, kuna kilichoondoka. Tazama swali la 20.

## Doa likiwa bichi

5. Kimemwagika sasa hivi! Nifanye nini?

Usifute kwa kuzungusha. Bonyeza. Chukua kitambaa cha pamba au karatasi za jikoni, zilaze juu, gandamiza kwa kiganja, inua, geuza upande mkavu, rudia. Ukizungusha unatanua doa la kikombe kuwa doa la sinia.

Kikishanyonywa, mimina maji kidogo yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, gandamiza tena, suuza mara mbili, kausha. Kwa mafuta nyunyizia kwanza unga wa muhogo, sembe au poda, uache dakika kumi na tano unyonye, kisha ukusanye kwa kadi ya plastiki kabla maji hayajagusa hapo.

6. Nitumie sabuni gani kila siku?

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ndogo, dekio lililokamuliwa vizuri, na kusuuza kwa maji matupu. Sabuni ya unga ina magadi makali, na isiposuuzwa vyema huacha ukungu wa sabuni unaovuta vumbi. Watu wengi wanaoniambia sakafu yao "imechoka" wana tabaka tu la sabuni ya miezi.

7. Nyumbani tumesafisha kwa ndimu, siki na majivu tangu zamani. Kosa liko wapi?

Hakuna kosa kwa sufuria. Kosa ni kwa marumaru.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliitwa nyumba moja Upanga. Mama mwenye nyumba alikuwa na sebule ya marumaru nyeupe na doa la chai mbele ya kochi. Nilikuwa nimezoea vigae, nikachukua siki. Nilisikia mchemko mdogo sana, kama soda inayoisha kwenye glasi, nikadhani doa linatoka. Nilipokausha, doa la chai lilikuwa palepale, na limezungukwa na duara jeupe lisilong'aa, pana kama ungo. Yule mama alilitazama kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, sasa nina mawili." Nilirudi na mashine kulisawazisha bila malipo, na nikajifunza kuuliza jiwe kabla ya kufungua chupa.

Kilichotokea ni hiki: marumaru ni kalisiamu kaboneti. Asidi ya siki, ndimu, ukwaju au soda nyeusi ikiigusa, jiwe linayeyuka kidogo na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi. Mchemko ule ni sakafu inayoondoka.

Majivu na mchanga vina tatizo lingine, la mikwaruzo. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachokwenda 1 hadi 10, madini yaliyo kwenye marumaru yana 3, na kwazi, ambayo ndiyo chembe nyingi za mchanga wa kawaida, ina 7. Waya wa kusugulia sufuria ni mbaya mara mbili: unakwaruza, halafu vipande vyake vidogo vinabaki na kushika kutu.

## Bandiko

8. Bandiko ni nini?

Ni dawa ya kubandika, kwa maana ileile ya ile inayowekwa kwenye jipu. Unga unaonyonya huchanganywa na kimiminika kinacholegeza doa, ukapakwa juu ya jiwe. Kimiminika kinashuka na kulilegeza, kisha unga unapokauka unavuta kila kitu kurudi juu.

Hata Taj Mahal husafishwa hivyo. Tangu 1994 wahifadhi wa pale Agra wamekuwa wakipaka marumaru yake udongo wa Multani ili kuondoa umanjano. Udongo huohuo unauzwa kwenye maduka ya Kihindi ya kwetu kama dawa ya uso, na ndio unga ninaoupenda kuliko wote. Usipoupata, soda ya kuokea inafaa.

9. Linatengenezwaje na linakaa muda gani?

Changanya unga na kimiminika (kipi, tazama doa lako hapa chini) mpaka uwe mzito kama kunde za bajia zilizosagwa: ukigeuza kijiko usidondoke. Lowesha doa kwanza kwa kimiminika kilekile. Paka unene wa nusu sentimita, upite ukingo wa doa kwa vidole viwili kila upande. Funika kwa nailoni, bana pembeni kwa selotepu, toboa vitundu vichache kwa sindano.

Acha saa 24. Kisha toa nailoni na uache bandiko likauke lenyewe kabisa, hata kama itachukua siku nyingine. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayofanya kazi. Bandiko likiondolewa bichi limelegeza doa na kuliacha humohumo. Likiwa tayari huwa limepauka, limepasukapasuka na linabanduka kwa kusukumwa na kadi ya plastiki. Suuza, kausha, subiri siku nzima kabla ya kuhukumu, maana jiwe lenye unyevu huonekana jeusi.

Jaribu kwanza pembeni. Kila mara.

10. Nimebandika mara moja na doa bado lipo.

Limepungua? Basi rudia. Doa la miaka linaweza kutaka mara tatu, nne, hata tano. Kama halikubadilika hata kidogo baada ya mara mbili, umekosea kimiminika, au kile si doa (swali la 4).

11. Soda ya kuokea ni magadi? Na hamira je?

Ni vitu vitatu. Soda ya kuokea ni bikaboneti, laini, inafaa. Magadi ni makali zaidi; yaache. Hamira ni chachu ya mkate na haina kazi hapa. Jihadhari pia na poda ya kuokea ya keki: hiyo imetiwa asidi ndani ili iumuke, na asidi kwenye marumaru tumeshaiona.

## Doa kwa doa

12. Mafuta ya kupikia, samli, mafuta ya nazi, mafuta ya udi

Haya hutia jiwe giza bila rangi nyingine. Likiwa dogo, bandiko la soda ya kuokea na maji latosha. La zamani linataka unga na asitoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, isiyo na mafuta wala rangi. Asitoni huwaka kwa urahisi sana: fungua madirisha, zima jiko, toa chetezo chenye makaa chumbani. Isiguse terazo iliyochanganywa kwa gundi ya plastiki, kwani itailainisha.

Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo Lushoto au Nairobi utayakuta meupe juu ya jiwe. Yakwangue yakiwa yameganda, ndipo ubandike.

13. Chai, kahawa, juisi ya ukwaju, embe

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 hadi 6 kutoka duka la dawa, pamoja na unga. Ni kwa mawe meupe au ya rangi hafifu tu. Jiwe jeusi linaweza kupauka. Usitumie ile krimu ya saluni, ina mambo mengine ndani. Ukwaju na embe huacha pia kuungua, kwa hiyo doa likitoka usishangae kuona kivuli kisichong'aa.

14. Manjano ya pilau au mchuzi

Watu hunipigia wakiwa na hofu: "Nimepaka sabuni, doa limekuwa jekundu!" Rangi ya manjano hugeuka nyekundu ikiguswa na sabuni au soda. Si doa jipya, na baada ya kusuuza rangi hurudi kuwa ya njano.

Rangi hii ina adui mmoja mkubwa, nalo ni jua. Kama doa liko barazani au karibu na dirisha, suuza tu na uache jua lifanye kazi siku kadhaa. Lililo gizani, bandika peroksaidi na udongo wa Multani badala ya soda.

15. Hina na piko

Huja baada ya harusi. Hina mbichi ikusanye kwa kijiko, usiipanguse. Doa lake lina ukaidi; bandiko la peroksaidi, rudia, na uwe na subira.

Piko ni habari nyingine. Mara nyingi ni rangi ya nywele, na peroksaidi ndiyo inayochanganywa na rangi hizo ili zikolee. Ukianza na peroksaidi kwenye piko mbichi unaweza kulikoleza doa mwenyewe. Anza na sabuni na maji, kisha asitoni kwenye sehemu ndogo. Lisipotoka, mwite fundi.

16. Damu

Maji baridi, kamwe si ya moto, moto huigandisha. Kisha peroksaidi kama swali la 13.

17. Duara la kutu chini ya mtungi wa gesi

Hili ndilo gumu kuliko yote, na nalisema ili usipoteze pesa. Ndimu na chumvi, dawa ya kutu ya nguo, na dawa nyingi za kutu za dukani ni asidi. Baadhi zina asidi ya haidrofloriki, ambayo hula hata graniti na ni hatari sana kwa mwili. Tone lake hupenya ngozi bila kuumiza mwanzoni. Isiingie nyumbani kwako.

Kutu changa ya juujuu jaribu kwa bandiko la soda na maji. Iliyozama ina mabandiko yake maalumu yasiyo na asidi kali, na ni kazi ya fundi wa mawe. Hata hivyo kivuli kinaweza kubaki. Kinga yake ni rahisi mno: kipande cha mbao chini ya mtungi leo hii.

Kama madoa ya kutu yanatokea katikati ya graniti jeupe ambako hakuna chuma kilichowahi kukaa, chuma kimo ndani ya jiwe lenyewe na maji yanakiamsha. Tafuta maji yanatoka wapi.

18. Ukungu mweusi bafuni

Jiki nusu kikombe kwenye lita 4 za maji, brashi laini, dakika tano, suuza sana. Isiwe desturi ya kila wiki. Na jiki isikutane kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi wala amonia: hutoka hewa ya sumu, na bafu zetu nyingi zina kadirisha kadogo tu.

## Alama ambazo si madoa

19. Kuna weupe usiotoka. Nimesafisha kwa kila kitu.

Weupe ni wa aina mbili, na dawa zake hazifanani.

Ukiwa ganda gumu karibu na bomba, ni chokaa ya maji. Nyumba nyingi za pwani zinatumia maji magumu ya kisima, na yakikauka huacha chokaa. Shida ni kwamba ganda lile na marumaru ni kitu kimoja, kalisiamu kaboneti. Kinachoyeyusha moja kinayeyusha na lingine. Lowesha kwa maji ya sabuni, laza wembe mpya karibu sambamba na jiwe lililong'arishwa, ukwangue taratibu.

Ukiwa unga unaofutika kwa kidole na kurudi baada ya wiki, ni chumvi inayopanda na unyevu toka ardhini. Usiioshe, kwani maji huirudisha ndani. Fagia kavu, na utafute chanzo: bomba linalovuja, bustani inayomwagiliwa ukutani, au sakafu iliyojengwa bila nailoni chini. Usipake kitu cha kuziba mpaka pakauke.

20. Ndimu imeshaunguza. Nifanyeje?

Alama hafifu kwenye marumaru hung'arishwa kwa poda ya kupigia polishi marumaru na kitambaa chenye unyevu, kwa mkono, dakika kadhaa. Ukihisi kishimo kwa ukucha, panahitaji mashine na pedi za almasi, kuanzia za mkwaruzo mkubwa hadi namba 3000. Nta na mafuta vitakufichia alama wiki mbili, kisha utakuwa na alama na uchafu.

## Kinga

21. Sila, ile dawa ya kuzibia vitundu vya jiwe, inasaidia?

Inasaidia, lakini watu huitarajia zaidi ya uwezo wake. Sila huingia kwenye vitundu na kukupa muda: mchuzi uliomwagika utaufuta kabla haujazama. Haizuii ndimu kuunguza, maana kuungua hutokea juu ya uso. Ipake jiwe likiwa kavu kabisa na halina doa. Ukiziba juu ya doa umelifungia ndani. Irudiwe lini? Fanya kipimo cha matone cha swali la 3 kila mwaka, jiwe litakujibu.

Kinachozidi sila ni kipangusio cha miguu nje na ndani ya mlango, na kufagia mchanga kila siku kabla ya kudeki.

22. Zulia na mikeka ni salama?

Mkeka wa ukili ukiwa mkavu, ndiyo. Zulia lenye mgongo wa mpira, hapana: mpira huacha umanjano ambao mara nyingi hautoki. Na zulia lililolowa libandue saa ileile, kabla rangi haijashuka.

## Hali za pembeni

23. Fundi amemaliza kuweka sakafu na anataka kuosha grauti (saruji ya kujazia kati ya vigae) kwa asidi. Nimruhusu?

Mzuie, kwa heshima lakini mzuie. Asidi ya haidrokloriki imezoeleka kwa vigae vya kauri na mafundi wengi huibeba kwenye gari. Kwenye marumaru au terazo itamaliza mng'ao wa nyumba nzima kwa asubuhi moja. Grauti ifutwe ikiwa mbichi kwa sponji. Iliyokauka ikwanguliwe kama swali la 19.

24. Nina mawe ya Mazeras barazani na gari limemwaga oili.

Jiwe la Mazeras, linalotoka jirani na Mombasa, ni jiwe la mchanga. Halijang'arishwa na linanywa haraka. Mwaga vumbi la saruji kavu au mchanga mkavu unyonye, fagia, kisha bandika kama swali la 12 mara kadhaa. Mashine ya maji ya kasi isogezwe mbali, vinginevyo inang'oa chembe za jiwe na kulifanya linywe zaidi.

25. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu ina madoa meusi karibu na kuta.

Hilo mara nyingi ni unyevu na chumvi, si kilichomwagika. Matumbawe na chokaa vimejengwa kupumua, na aliyepiga plasta ya saruji au kupaka sila ameziba pumzi hiyo. Unyevu umehamia sakafuni. Usibandike, usizibe. Fungua madirisha, sogeza makabati kiganja kimoja toka ukutani, na mwite fundi anayejua chokaa aangalie plasta kabla hujamwita wa polishi.